Jeraha Linalofichwa

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii hutajwa kila siku, na kila aitajaye humwona aliyeficha kuwa mpumbavu aliyejidhuru mwenyewe. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko la kwanza: Je, ni nani aliyemfundisha kuficha? Hakuna mtoto azaliwaye akijua kuficha kidonda. Mtoto akijikwaa hulia mbele ya watu wote, akauonyesha mguu wake kwa kila apitaye. Kuficha ni elimu, na kila elimu ina walimu wake. Katika insha hii nataka kuwatafuta walimu hao, na nitaanzia mahali ambapo msomaji pengine hakutazamia, yaani katika sinema za wafu watembeao.

Mimi hufundisha katika chuo cha ualimu, na likizo zangu huzimalizia kwetu Kinakomba, kando ya Mto Tana. Jioni moja vijana wa sekondari walinialika katika kibanda cha sinema. Palikuwa na runinga moja iliyotumia nguvu za jua, mabenchi ya mbao, na umati wa watu waliobanana kama ndizi katika mkungu. Sinema iliyoonyeshwa ilikuwa ya Kikorea, iitwayo Train to Busan, iliyotolewa mwaka 2016. Habari yake ni hii: ndani ya garimoshi liendalo kasi, abiria mmoja ana ugonjwa wa kutisha. Amwumaye hugeuka akawa kama yeye, naye huuma wengine, hata mabehewa yakajaa viumbe wasiojua baba wala mama.

Tulipotoka, kijana mmoja aliniuliza, “Mwalimu, kama ni mama yako aliyeumwa, ungefanyaje?” Kabla sijafumbua kinywa, wenziwe walijibu kwa sauti moja, “Apigwe kabla hajageuka!” Wakacheka. Yule aliyeuliza hakucheka; alikuwa akiningoja. Mimi nilijibu kwa mzaha, tukaagana. Usiku ule sikupata usingizi, kwa sababu nilijua kwamba nimeulizwa swali la haki na nimelipa jibu la kitoto. Insha hii ni deni ninalomlipa kijana yule.

Kwanza yafaa tujue asili ya viumbe hawa. Neno zombi lilitoka Haiti, nchi ya Bahari ya Karibi ambako Waafrika wengi walipelekwa utumwani kulima miwa. Huko zombi hakuwa mla watu. Alikuwa maiti aliyeinuliwa kwa uchawi ili alime shamba la bwana wake bila ujira, bila malalamiko na bila mwisho. Mtumwa alitumaini kwamba kifo, kama hakina jingine, kina mapumziko. Basi kwake hapakuwa na tishio kubwa kuliko kuambiwa kwamba hata baada ya kufa atalima. Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuna haja ya kwenda mbali ili tuelewe jambo hili. Tanzania husimuliwa habari za msukule: mtu adhaniwaye kuwa amekufa, kumbe, kwa mujibu wa wasimulizi, kaburini ulizikwa mgomba, na mwenyewe yuko kwa mchawi akilimishwa usiku. Siitaji imani hii ili kuithibitisha. Naitaja ili msomaji aone maana iliyomo. Katika masimulizi hayo msukule huonewa huruma. Mwenye kulaumiwa ni yule amtumikishaye. Na ndugu zake, kama wangempata, wangempeleka nyumbani.

Mwaka 1968 Mmarekani George Romero alitoa sinema iitwayo Night of the Living Dead, na tangu hapo mambo yaligeuka. Wafu wake hawana bwana wala shamba. Wanatembea, wanakula watu, na jeraha la meno yao halina dawa. Lawama ikahama kutoka kwa mchawi ikamwangukia maiti, na huruma ikatoweka kabisa. Sinema nyingi zilizofuata zilijengwa juu ya msingi huo.

Ukizitazama kwa makini, utaona kwamba sinema hizi zina sheria tatu ambazo hazitangazwi, lakini hutiiwa na kila mtu aliyemo. Sheria ya kwanza yasema kwamba aliyeumwa amekwisha: si mtu tena, ijapokuwa bado anasema na kulia. Sheria ya pili yasema kwamba aliye karibu nawe ndiye wa hatari zaidi, kwa kuwa mgeni utamkimbia, lakini mtoto wako utamkumbatia. Sheria ya tatu yasema kwamba anayesalimika ni yule afungaye mlango mapema na kuchelewa kuufungua. Vijana wa kibandani walikuwa wamezijifunza sheria hizi kwa muda wa saa mbili tu, bila ubao wala chaki, wakazijibu kama watu waliohifadhi somo.

Lakini watengenezaji bora wa sinema hizi wana hekima kuliko sheria zao wenyewe. Tazama nani hufa, na hufa kwa sababu gani. Katika sinema ya Romero, watu saba wamo ndani ya nyumba moja. Kama wangepatana, pengine wangeiona asubuhi. Mmoja wao ashikilia kwamba usalama uko chini, katika chumba cha ardhini, pamoja na mkewe na binti yake aliyekwisha kuumwa; mwingine ashikilia kwamba wabaki juu. Wanagombana mpaka bunduki inageuzwa na kumwelekea mwenzao. Katika garimoshi la Busan, kundi la abiria walio salama wawafungia mlango wenzao waliopigana njia nzima ili wawafikie, kisha wawafukuza, kwa kuwa yamkini wameambukizwa. Bibi mmoja mzee, aliyekwisha kumpoteza dada yake nje ya mlango ule, awatazama wenye kujifungia, aona ubaya wao, kisha aufungua mlango kwa mkono wake mwenyewe. Wafu waingia. Basi waliofunga mlango waliangamia kwa sababu ya kuufunga.

Liko na jambo jingine ambalo halikosekani katika sinema za namna hii. Daima yuko mtu mmoja mwenye jeraha chini ya mkono wa shati. Ameumwa, anajua, wala hasemi. Ananyamaza kati ya wenzake, anakula nao, analala kati yao, na usiku anageuka. Watazamaji humlaani. Mimi pia nilimlaani, mpaka nilipojiuliza: Angesema, angepata nini? Angepata risasi. Angetupwa nje. Wenzake walikuwa wamekwisha kutoa hukumu kabla ya kesi, nao wakashangaa kwamba mshitakiwa hakujileta. Hapa ndipo ilipo mantiki iliyofichika. Sheria ya kwanza, isemayo kwamba aliyeumwa si mtu tena, ilitungwa ili kuwalinda wazima. Lakini ndiyo izaayo jeraha linalofichwa, na jeraha linalofichwa ndilo liangamizalo wazima. Ukatili wao umekuwa mlango wa nyuma ambao adui aliingilia.

Msomaji atasema kwamba haya ni ya sinema. Laiti yangekuwa ya sinema tu! Nilipokuwa mtoto, shangazi yangu alirudi kijijini kutoka mjini akiwa amekonda sana. Watu wazima walisema kwamba ana malaria. Kikombe chake kilifungwa uzi mwekundu ili kisichanganywe na vingine, na sisi watoto tulikatazwa kukaa mkekani pake. Hakuna aliyemwuliza ugonjwa wake, naye hakuutaja. Alipokufa, neno hilo halikutajwa hata kwenye matanga. Sasa natambua kwamba uzi ule mwekundu ndio uliomfunga kinywa. Aliposhika kikombe chake kila asubuhi, alisoma humo hukumu yetu. Naye asingeweza kutuambia sisi tuliokwisha kumhesabu miongoni mwa wafu. UKIMWI hauambukizwi kwa kikombe. Tulimwogopa bure, wala hatukujikinga na chochote.

Wakati huo palikuwa pamekwisha kupita mtu mmoja jasiri katika Afrika yetu. Philly Lutaaya alikuwa mwanamuziki wa Uganda aliyependwa sana. Mwaka 1989 alitangaza mbele ya watu kwamba ana UKIMWI, katika siku ambazo mtu mashuhuri hakuthubutu kusema hivyo. Wengine walidhani anatafuta sifa. Yeye alitumia miezi iliyombakia kwenda mashuleni na makanisani, akisimama mbele ya vijana ili wauone ugonjwa ukiwa na uso na jina, akafa mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Lutaaya alikunja mkono wa shati lake akaonyesha jeraha. Hakumwambukiza mtu kwa kusema; bali wangapi walijihadhari, na wangapi walipata moyo wa kwenda kupimwa, ni Mungu ajuaye. Leo elimu imetufikisha mbali zaidi. Mwenye virusi vya UKIMWI ambaye hutumia dawa zake barabara, hata virusi vikapungua damuni visionekane kwa vipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Lakini ili apate dawa lazima apimwe, na ili apimwe lazima aamini kwamba akitoka chumbani mle na majibu yake bado atakuwa mtu. Kwa hiyo huruma, ambayo wengi huidhania kuwa pambo la walio salama, ni sehemu ya kinga yenyewe.

Hapa mwanafunzi mwenye akili atanipinga, naye atafanya vyema. Atasema: “Mwalimu, yako magonjwa ambayo huruma peke yake huua. Je, tumkumbatie mwenye Ebola?” Swali hili halikwepeki, nami sitalikwepa. Ukuta unahitajika. Asemaye kwamba upendo hauhitaji glavu hajui upendo wala ugonjwa. Lakini kuna ukuta wenye mlango na ukuta usio na mlango, na tofauti yake ndiyo tofauti ya hospitali na kaburi.

Mwezi wa Oktoba 2000 maradhi ya ajabu yalizuka Gulu, kaskazini ya Uganda. Daktari Matthew Lukwiya, mkuu wa hospitali ya Lacor, alikuwa masomoni Kampala. Alipoitwa alirudi mara moja, akachunguza, akatambua kwamba ni Ebola hata kabla ya vipimo vya maabara kuthibitisha. Alitenga wodi, akaweka masharti makali ya mavazi na kunawa. Huo ulikuwa ukuta. Lakini ndani ya ukuta ule wagonjwa walinyweshwa, walioshwa na kuitwa kwa majina yao. Wauguzi walipokufa mmoja baada ya mwingine na waliobaki wakataka kuondoka, yeye aliwaambia kwamba atabaki. Husimuliwa kwamba usiku mmoja muuguzi aliyekuwa mgonjwa aliinuka kitandani akiwa amepotewa na akili, akitokwa damu, hata walinzi wa zamu wakashikwa na hofu. Daktari aliamshwa. Alivaa glavu, kanzu na barakoa, akaenda kumsaidia, lakini macho yake hayakuwa na kinga. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000.

Iko sinema ya Uingereza ya mwaka 2002, 28 Days Later, ambamo baba mmoja huangukiwa jichoni na tone la damu ya maiti. Amwambia binti yake kwamba ampenda, amsihi akae mbali, na papo hapo askari wampiga risasi. Linganisha macho hayo mawili. Katika sinema, wa jicho lililoingiwa na damu alikoma kuwa baba kabla ya kupumua mara kumi. Katika Lacor, aliyetokwa damu akiwa amepotewa na akili alibaki kuwa mwenzao hadi dakika ya mwisho, na yuko mtu aliyekwenda kumshika. Waliougua katika mlipuko ule walikuwa watu 425. Waliokufa ni 224. Maana yake ni kwamba watu 201, waliokuwa “wameumwa” na ugonjwa wa kutisha kuliko ulioandikwa na watunga sinema, walipona wakarudi kwao. Kwa sheria ya kwanza wote 425 wangehesabiwa kuwa wamekwisha.

Kinyume chake tulikiona wenyewe wakati wa korona. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Muda si muda karantini, ambayo ni dawa, ilianza kufanana na adhabu. Walioingizwa humo walidaiwa gharama zake, na waliovunja kafyu walipelekwa humo humo kana kwamba ni gereza. Matokeo yake? Mwezi wa Aprili watu kadhaa waliruka ukuta wa kituo kimoja cha Nairobi wakatoweka mjini. Baadaye serikali ilikubali kubeba gharama zile, na ilifanya vyema. Ukuta usio na mlango hurukwa, na aurukaye huchukua ugonjwa wake akaenda nao gizani.

Sisi wa kando ya mto tuna mwalimu mwingine, naye ni kipindupindu. Mafuriko ya mwaka 2024 yalifunika nyumba na vyoo, na kipindupindu kikaonekana katika Kaunti ya Tana River. Ugonjwa huu hukausha maji ya mwili upesi hata mtu mzima aweza kufa kwa saa chache. Asipotibiwa, wa hali mbaya hufa karibu nusu yao. Akitibiwa mapema, hafi hata mmoja katika mia. Na tiba kubwa ni nini? Ni maji safi yenye chumvi na sukari kwa kipimo, yakinyweshwa kwa subira na mtu anawaye mikono kwa sabuni. Wala usidhani kwamba utamjua mwenye kipindupindu kwa kumtazama, kwa maana wengi walioambukizwa hawaonyeshi dalili kubwa, nao huutia mto uchafu bila kujua. Ukimkimbia anayetapika na ukanywa maji ya mto bila kuyachemsha, umemkimbia ndugu yako na umemfuata adui wako. Mgonjwa wa kipindupindu huokolewa na yule asiyefunga mlango.

Nimebakiwa na jambo moja, nalo ni zito. Yako maambukizo yasiyo na kijidudu. Mwaka 2012 katika Delta ya Tana, upande wa Garsen, Wapokomo na Waorma, majirani waliogawana maji na malisho tangu enzi za mababu, walishambuliana. Zaidi ya watu 100 waliuawa, wakiwamo wanawake na watoto. Ugomvi wa mashamba, maji na siasa ulikuwapo, lakini ugomvi peke yake haumfanyi mtu amkate mtoto wa mwenziwe. Sharti kwanza amwondolee jina la mtoto. Sharti aambiwe, naye akubali, kwamba wale wameumwa wote, wakubwa kwa wadogo. Kwamba aliye karibu ndiye wa hatari zaidi. Kwamba asalimikaye ni yule atanguliaye kupiga. Msomaji amezitambua? Ni sheria zile zile tatu, bila runinga. Sitasema ni nani aliyeanza, kwa kuwa kila upande una orodha yake ya makaburi. Nasema tu kwamba chuki huambukiza kwa njia hii: amwonaye jirani kuwa zombi hugeuka zombi yeye mwenyewe. Na tiba ilianza pale wazee wa pande mbili walipokaa pamoja na kutajiana majina ya waliokufa.

Sasa na nirudi kwa kijana aliyeniuliza. Sinema mbili nilizozitaja zina miisho inayofanana, lakini inayopingana. Katika ile ya 1968, mtu mmoja tu amesalimika usiku kucha. Asubuhi wawindaji wa wafu waja, wamwona dirishani, wampiga risasi kabla ya kumwuliza neno. Alishinda wafu, akauawa na waokozi. Katika ile ya Busan, mama mjamzito na mtoto wa kike watembea ndani ya handaki lenye giza, na mwisho wa handaki askari wamelenga bunduki, kwa kuwa hawawezi kutambua kama ni watu au ni wafu. Mtoto, akimlilia baba yake, aanza kuimba. Askari wasikia, washusha bunduki, wakimbilia kuwapokea. Miaka 48 imepita kati ya sinema hizo mbili, na tofauti ya kuua na kuokoa ni hii tu: mmoja hakusikiliza, mwingine alisikiliza.

Kwa hiyo, kijana wangu, jibu langu ni hili. Mama yangu akiumwa, nitavaa glavu, nitanawa mikono, nitamweka mahali pake pa peke yake ikiwa maradhi yake yataka hivyo, wala sitajidai ushujaa wa kijinga. Lakini nitaendelea kumwita mama. Nitahakikisha kwamba tangu leo, kabla hajaumwa, anajua kuwa siku atakaponionyesha jeraha lake hataona uzi mwekundu kikombeni. Hiyo ndiyo kinga ninayoweza kumpa, nayo yanilinda mimi pia.

Wengi husimama wima kila wimbo wa taifa la Kenya uimbwapo, lakini si wengi wakumbukao kwamba sauti yake ilitokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa akina mama wa Kipokomo, huku kwetu mtoni. Waliotafuta sauti ya kuliunganisha taifa mwaka 1963 hawakuchagua kelele za vita. Walichagua sauti ya mama aliyeketi gizani na mtoto anayelia, asiondoke.